Kidhibiti joto cha jiko la moshi kilichoanguka: uzoefu wangu

Nyama choma ya kawaida haihitaji kifaa hiki. Mbuzi, makaa, chumvi na jicho la mchomaji vinatosha. Mimi nilikitaka kwa ajili ya kidari cha ng'ombe, nyama ngumu inayodai moshi na joto la nyuzi 110 hivi kwa saa kumi au zaidi, na sina moyo wa kukesha nikifungua na kufunga tundu la hewa. Binamu yangu aliyekuwa anarudi Nairobi kutoka Marekani alinibebea kimoja. Adapta yake inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu haukuisumbua. Nilinunua kichwa cha plagi tu.

Kihisi kimoja hukaa kwenye wavu, kingine hudungwa ndani ya nyama, na feni ndogo ya volti 12 hufungwa kwenye tundu la hewa chini ya jiko. Joto likishuka feni inapuliza makaa, likikaribia kiwango ulichoweka inapunguza kasi na hatimaye inanyamaza. Kwa muda mrefu sikuwa na neno nacho. Nilikuwa nalala usingizi wangu na asubuhi nakuta nyama imeiva.

Kisha mgeni mmoja akanasa mguu kwenye waya. Kifaa kiling'oka kwenye sumaku yake (dhaifu kupita kiasi, hilo ni lalamiko langu la kwanza) kikaangukia sakafu ya saruji. Kilipowashwa, kila kitu kilionekana sawa: skrini inang'aa, namba zipo, feni inazunguka. Feni ilikuwa inakwaruza kidogo, basi.

Shida ilijitokeza kwenye jiko lenyewe. Skrini ilisema 110 kwa utulivu kabisa, huku mshale wa kipimajoto cha mfuniko ukiwa umepita 140. Kipimajoto cha mfuniko hutofautiana na joto la wavuni, hakuna asiyejua, lakini si kwa nyuzi thelathini. Nikachomoa feni na kuziba hewa. Kidari kile kiliishia kwenye sufuria ya mchuzi.

Jaribio la kwanza likanichanganya zaidi. Kihisi kwenye maji yenye barafu kilisoma sifuri, sawasawa. Nikakitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma 83. Hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo msitafute 100 mkifanya jaribio hili, hata kifaa kizima hakitawapa. Lakini 83 ni uongo.

Inakuwaje kitu kipime baridi vizuri na kikosee moto? Vihisi vya aina hii hupunguza ukinzani wa umeme (yaani jinsi vinavyouzuia umeme usipite) kadiri joto linavyopanda. Changu kina kiloomu 100 (kiloomu ni kipimo cha ukinzani huo) kwenye nyuzi 25, na kwenye maji yanayochemka hubaki na nane hivi. Kiungo kilicholegea kikiongeza kiloomu tatu njiani, kwenye barafu hazionekani, zinamezwa na ukinzani mkubwa uliopo. Kwenye moto hizo tatu ni nyingi mno. Kifaa kinaona ukinzani mkubwa, kinadhani jiko limepoa, kinazidi kupuliza. Bora waya ungekatika kabisa, maana hapo skrini ingeonyesha vistari na feni ingezima.

Nilichomeka plagi ya kihisi cha jiko kwenye tundu la kifaa linalotumiwa na kihisi cha nyama, kikasoma 94. Kihisi kizima, basi, mgonjwa ni tundu. Kutikisa plagi kwenye tundu lake la zamani kulifanya namba ziruke huku na huku. Wauzaji walijibu haraka na kwa adabu kwamba dhamana haihusu kuanguka, wakanitajia bei ya ubao mpya wa saketi pamoja na usafirishaji. Nikaghairi.

Nilikipeleka Luthuli Avenue, mtaa wa Nairobi wa maduka na mafundi wa elektroniki. Fundi alifungua skrubu, akaweka lenzi jichoni, akanionyesha ufa mwembamba uliozunguka mguu mmoja wa tundu, pale ulipolehemiwa kwenye ubao. "Boss, hii haijaungua, imeachia mguu tu." Akaondoa lehemu ya zamani, akatia mpya, kisha akagusia miguu ya matundu mengine na ya umeme hata kabla sijamwomba. Malipo yake hayakufika bei ya kilo moja ya kidari. Kabla ya kufunga aliweka gundi ya moto kuzunguka tundu ili waya ukivutwa, nguvu isiishie kwenye lehemu.

Hilo ndilo lalamiko langu la pili, na ndilo kubwa: matundu yameshikiliwa na lehemu pekee, hayajafungwa kwa nati kwenye kasha. Kwa kifaa kinachoishi nje, chenye waya nne ambazo watu wanazikanyaga, huo ni ubahili wa mtengenezaji. Ukienda kununua, shika tundu kwa vidole ulisukume kidogo. Likicheza, tafuta kifaa kingine.

Sasa kinasoma 94 kwenye maji yanayochemka, na kimeshalinda jiko usiku kucha bila kuhama zaidi ya nyuzi chache. Nakipa nyota nne kwa kazi, mbili kwa uimara. Feni bado inakwaruza ikienda polepole. Nimeagiza nyingine.