Treni ya Pugu: nyota nne, ya tano naisubiri itembee mchana

Natoa alama mapema, maana najua wengine mkishaona nyota mnaondoka: nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoizuia ndiyo iliyonifanya niandike, kwa hiyo mwenye nafasi abaki.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na sare za harusi, nyumbani ni Pugu, vitambaa nachukua Kariakoo, Mtaa wa Uhuru. Naisifu na kuilaumu treni hii nikiwa mtu wa mzigo. Anayekwenda ofisini na mkoba mmoja begani atakuwa na maoni yake, na pengine atatoa nyota tano bila kusita, kwa sababu ratiba imekatwa kwa kipimo chake.

Kwa wageni wa upande huu: nazungumzia treni ya jiji la Dar es Salaam inayopita reli ya kati ya zamani, siyo ile ya umeme. Asubuhi inatoka Pugu, inapita Gongo la Mboto, Karakata, Vingunguti, Buguruni na Kamata, inaishia Stesheni. Jioni inaturudisha. Ya kwetu ilianza 2016. Ndugu yake wa Ubungo Maziwa ndiye mkubwa, alianza 29 Oktoba 2012, na watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Reli yenyewe ni ya Mjerumani: ilianza kujengwa Dar mwaka 1905 na ikafika Morogoro 1907. Yaani miaka zaidi ya mia treni zinapita hapa zikielekea bara, na mtu wa Pugu anayetaka kwenda Kariakoo anasimama barabarani anagombania gari.

Na mnajua kugombania gari la Gongo la Mboto kulivyo. Jioni pale Mnazi Mmoja hupati siti mpaka ugeuze nalo, yaani ulipande linakotoka, ulipe nauli ya kwenda mwisho wa gari ambako huna shida napo, halafu ulipe tena ya kurudi nyumbani. Unanunua siti mara mbili. Ukiwa na jora la kitambaa ndiyo basi kabisa. Konda anakuangalia, analiangalia jora, anakwambia, "Mama, hilo lilipie kama mtu." Ukikubali, jora linasimamishwa katikati, kila anayeshuka analisukuma, na ukifika nyumbani ile pembe ya juu imeshaota weusi wa mikono ya watu. Kitambaa cheupe cha mashati ya shule hicho. Nilishawahi kukata mita nzima ya juu nikaitupa kwenye matambara, na mteja hawezi kuilipia.

Ndani ya treni jora langu linalala chini ya kiti au linasimama kwenye kona ya behewa, karibu na mlango, pamoja na mabeseni ya wenzangu. Ile kona ni kama soko dogo. Kuna mama wa mboga na viroba vyake, kuna kijana wa mitumba aliyekaa juu ya robota lake, kuna mwenye ndoo za dagaa ambaye wote tunamkwepa kwa heshima. Hatuulizani mzigo umelipiwa kama nani. Tukishapita Buguruni, sisi wa Kariakoo tunaanza kujisogeza mlangoni bila kuambiwa, kwa sababu Kamata treni haikai sana. Mmoja anatangulia chini, anapokea mizigo ya wote, wa mwisho anashuka mikono mitupu. Hakuna aliyetupangia utaratibu huo na sijawahi kuona mzigo wa mtu unapotea. Kutoka Kamata unatembea tu kwa miguu mpaka sokoni.

Muda nao niusifu. Foleni ya Barabara ya Nyerere wanaijua wanaoikaa. Daraja la Mfugale pale Tazara lilipofunguliwa 2018 lilipunguza kero ya makutano yale, lakini magari yameongezeka, na ujenzi wa barabara ya mwendokasi umetubana tena. Treni haijui hayo. Inapofika kwenye kivuko cha reli na barabara, daladala zinasimama, bodaboda zinasimama, gari la bosi linasimama, sisi tunapita. Kuna abiria wa daladala huwa wanatutazama kwa jicho fulani hivi. Hapo peke yake nauli yangu imerudi. Na nauli yenyewe ni nafuu kuliko kuunga gari mbili, mwanafunzi analipa pungufu zaidi.

Inajaa, ndiyo. Asubuhi ukipandia Gongo la Mboto sahau kukaa. Kwa hilo sipunguzi alama, maana chombo kinachojaa ni chombo kinachotakiwa.

Sasa nyota iliyobaki.

Treni hii inatembea asubuhi na jioni. Katikati hapo, kimya. Imepangwa kwa mtu anayeingia kazini mapema na kutoka jioni, na Pugu ya leo haina watu wa namna hiyo peke yao. Mimi nikipanda ya asubuhi nafika Mtaa wa Uhuru maduka mengi ya jumla bado yanafagiliwa. Nasubiri. Kufikia saa nne nimeshachagua, nimeshapatana bei, nimeshafungiwa jora langu, na kuanzia hapo mpaka treni ya jioni nina mzigo na sina pa kwenda. Ama nikae kwenye ngazi za duka la watu siku nzima, cherehani yangu imelala nyumbani na wanafunzi wanasubiri sare, ama nirudi kwa konda yuleyule wa kulipia jora kama mtu. Mara nyingi narudi kwa konda. Kwa hiyo kwa mtu kama mimi huduma hii ni nusu: inanipeleka, kunirudisha hainirudishi.

Na siko peke yangu. Mama anayempeleka mtoto kliniki Amana anamaliza mchana. Mama lishe wa Buguruni anamaliza kuuza saa tisa. Wanafunzi wanaoingia zamu ya mchana hawana treni ya kwenda. Wahudumu wa hoteli na walinzi wanatoka usiku. Mwaka 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, jambo zuri, lakini soko la saa 24 linahitaji watu watakaofika na kuondoka saa zote hizo, na wengi wao wanalala huku pembeni ya mji kwa sababu ndiko kodi wanayoiweza iliko.

Najua jibu la kwanza huwa lipi: reli ni njia moja, treni zinapishana stesheni tu, na kuna mizigo ya kwenda bara inayotakiwa kupita. Ni kweli. Lakini tangu katikati ya 2024, ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro na kisha Dodoma, abiria wengi wa safari hizo wamehamia huko. Mimi sisomi ratiba za mizigo, ila naona stesheni ya Pugu mchana ilivyo, mbuzi wanakatiza. Hatuombi treni kila nusu saa. Moja ya kutoka Stesheni saa sita mchana na moja ya saa tatu usiku, basi, tuanzie hapo.

Kuna wenzangu wanasema tuachane na hii ya dizeli, tudai SGR, ile ya umeme, ituchukue asubuhi na jioni. Nauli waliyoitangaza LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kutoka Dar hadi Pugu, kilometa 19, ni Sh1,000, na ni treni yenye uwezo wa kilometa 160 kwa saa. Inavutia, sikatai. Mimi siungi mkono tuelekeze nguvu huko. Ile imeumbwa kwa safari ndefu: ukaguzi wa mizigo kwa mashine, tiketi yenye jina, kukaa ukumbini ukisubiri kuitwa. Mwenye beseni la nyanya hatafika hata mlangoni. Na baada ya Pugu kituo kinachofuata ni Soga. Vingunguti haipo, Buguruni haipo, Kamata haipo. Treni ya jiji faida yake ni kusimamasimama.

Wengine wanasema subirini mwendokasi wa awamu ya tatu. Nao nausubiri kwa hamu, lakini unaishia Gongo la Mboto. Ukitoka hapo kuja Pugu, na mbele yake Majohe, Buyuni, Chanika, unarudi kwenye bajaji na daladala. Huku mbele ndiko watu wanakohamia kila siku, viwanja vya Chanika vinauzwa mpaka usiku.

Halafu kuna jambo linalonishangaza kuliko yote, na nadhani halizungumzwi vya kutosha. Upande wetu huu wa mji una reli tatu. Ya kati, upana wa milimita 1,000. TAZARA iliyokamilishwa na Wachina katikati ya miaka ya 1970, milimita 1,067, nayo ilianzisha treni yake ya jiji mwaka 2012 kwenda Mwakanga. Na SGR, milimita 1,435. Treni ya reli moja haiwezi kuingia kwenye nyingine, hilo tumelikuta na hatuwezi kulibadilisha kwa kelele. Lakini miguu ya abiria haina upana wa reli. Mtu anaweza kushuka hii akatembea akapanda ile, kama kuna njia ya kupita yenye taa, kama muda wa hii unaujua muda wa ile, na kama tiketi moja inatosha. Leo anayetoka Yombo kwenda Pugu, sehemu ambazo kila moja ina reli yake, anaunga daladala na kuzunguka. Ukiwaza hilo ukiwa umesimama kwenye foleni unaweza kucheka mwenyewe watu wakakuogopa.

Tulilipeleka suala hili kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. Nilisimama nikaeleza ya treni ya mchana. Mzee mmoja, jirani yangu, akanyoosha fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Mwanangu, barabara yetu ikinyesha haipitiki, wewe unatuletea habari za treni?" Watu wakapiga makofi. Nikamwambia, "Baba, barabara haipitiki, reli inapitika. Ndiyo maana naleta habari zake." Nao wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema tuandike yote mawili. Ndivyo ilivyo, mtu hawezi kuja na ombi la reli kwa watu wasio na mfereji akategemea kuimbiwa. Lakini treni haijengwi upya, ipo. Linaloombwa ni kuitembeza.

Njia ya kuomba nayo ipo, wengi hawaijui. LATRA wanapotaka kubadilisha nauli huwa wanaita mikutano ya wadau kukusanya maoni, na lipo baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusikiliza abiria. Wenye magari huwa wanafika na makaratasi yao, mahesabu ya mafuta, mahesabu ya matairi. Sisi tunakwenda na hasira tu, tunasema "tunateseka", tunakaa chini. Huwezi kumshinda mwenye hesabu ya matairi kwa kusema unateseka.

Kwa hiyo nimeweka daftari kibandani kwangu. Mstari mmoja kwa kila mtu: unatoka wapi, unakwenda wapi, saa ngapi ungepanda kama ingekuwepo. Jina si lazima. Wengi wanaandika saa tano na saa sita mchana, kurudi, kama nilivyotarajia. Sikutarajia wa alfajiri: wanaofuata samaki Feri wanataka treni ya saa tisa usiku, na ni wengi kuliko wahudumu wa hoteli. Hao sijui tutawaombeaje, lakini wameandikwa.

Kwa anayepanda mara ya kwanza: beba chenji, simama upande wa mlango kama unashuka Kamata, na mwenye ndoo za dagaa mpishe. Ukishapanda ukaiona, pita kibandani, kipo njia ya kushuka stesheni ya Pugu, kina mashati ya shule yamening'inizwa nje. Daftari liko mezani, kalamu imefungwa kwa uzi.