TAHADHARI: Nano zenye chipu iliyokwanguliwa, zinatumwa kwa basi kutoka Arusha

Wadau wa umeme mdogo na programu, Arusha na Moshi, habari zenu. Kuna muuzaji anatangaza bodi za Arduino Nano (zile kompyuta ndogo za kuendeshea vifaa kwa programu unayoandika mwenyewe) na kuzituma Moshi kwa basi. Mimi kanipiga bodi kumi. Hadi jana usiku alikuwa bado anatangaza mzigo, tena kwa jina jingine, ndiyo maana naandika haraka kabla wengine hawajaingizwa mjini.

Namba yake siweki hapa. Ameshabadilisha mara mbili ninazozijua, na jina analotumia si lake. Kisichobadilika ni picha: bodi zimepangwa juu ya kitambaa cha kijani, pembeni kuna rula ya mbao. Maneno nayo ni yaleyale: "Orijino kabisa, chipu ni 328, lipia leo, kesho asubuhi mzigo upo stendi Moshi." Hiyo 328 ni ATmega328P, chipu kuu ya bodi; 168 ni ndugu yake mdogo.

Mimi natengeneza vidhibiti joto vya mashine za kutotolesha vifaranga. Bodi inasoma kihisi, inawasha na kuzima taa ya kupasha joto kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), na inaonyesha joto kwenye kioo kidogo. Nano inaitosha kazi hiyo vizuri. Niliagiza moja kwanza ya kujaribia, elfu 18. Ikaja, nikaipima, haina tatizo. Wiki mbili baadaye nikaagiza kumi, nikamtumia 180,000 yote kwa mkupuo. Ile ya kwanza ilikuwa chambo.

Hizi kumi zilipofika, hakuna hata moja iliyopokea programu. Nikampigia. "Mangi, usiwe na wasiwasi, hizo zina butiloda ya zamani. Ingia kwenye menyu ya prosesa uchague 168, itakubali." Nikachagua, ikakubali.

Naomba muuelewe vizuri uongo huo, kwa sababu umechanganywa na ukweli. Nano nyingi za Kichina kweli huja na butiloda ya zamani (butiloda ni kiprogramu kilichomo ndani ya chipu kinachopokea programu yako kutoka kwenye kompyuta), na kwenye menyu hiyo ya programu ya Arduino kuna chaguo lake: ATmega328P, butiloda ya zamani. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Lakini bodi inayokubali pale tu unapochagua ATmega168, basi karibu hakika chipu yake ni 168. Tofauti ni nusu kwa nusu. 328P ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumika wakati programu inaendeshwa. 168 ina 16 na 1. Miguu inafanana, umbo ni lile lile, ukiiweka kwenye bodi huwezi kujua kwa macho.

Programu yangu ilikuwa na baiti elfu 19 na kitu. Kwenye 168 kikomo ni baiti 14,336. Hapo ndipo ningesimama, lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kibosho anasubiri mashine, mayai ameshakusanya, na mayai ya kutotolesha yakikaa zaidi ya wiki moja uwezo wake unaanza kushuka. Nikatoa menyu kwenye programu, nikatoa kumbukumbu za joto, nikabana hadi ikaingia. Hifadhi ilitosha. RAM haikutosha, na RAM ikijaa kwenye chipu hizi hupewi onyo lolote wakati inafanya kazi. Inaanza kujifuta yenyewe, inaganda au inajiwasha upya.

Ya kwangu iliganda usiku wa siku ya 16, rilei ikiwa imewasha taa. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21. Asubuhi kipimajoto cha pembeni kilisoma 42. Mama alinipigia, nikapanda Kibosho, tukakaa chini tukapasua moja moja. Vifaranga walikuwa wameshaota manyoya. Mayai 60, hakupona hata mmoja. Pesa ya mayai nimemlipa yote. Siku zake 16 za kuamka usiku kukagua maji na joto siwezi kumlipa.

Niliporudi nyumbani nikaitoa ile bodi nikaiangalia chini ya taa kwa lenzi. Uso wa chipu ulikuwa na mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, kama imepitishwa msasa, na kile kidoto cha kuonyesha mguu wa kwanza kimebaki kivuli tu. Maandishi ATMEGA328P yalikuwa meupe mno. Nikachovya pamba kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, nikafuta mara tatu. Yakatoka na pamba. Maandishi yaliyochongwa kwa leza kiwandani hayatoki hivyo.

Msinielewe vibaya, sisemi msinunue za Kichina. Michoro ya Arduino ni ya wazi tangu waanze kule Ivrea, Italia, mwaka 2005, na mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza bodi yake. Mimi nimetumia za bei nafuu miaka yote. Ukikuta zina chipu ya USB ya CH340 usiogope, inafanya kazi, inataka tu draiva yake kwenye baadhi ya kompyuta. Ninacholalamikia ni mtu kukwangua jina la chipu na kuandika jingine.

Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, njia ninayoiamini ni kupakia programu kubwa kuliko kilobaiti 16. Tengeneza jedwali refu la namba, lihifadhi kwenye eneo la programu na hakikisha programu inalisoma, maana lisipotumika litaachwa nje wakati wa kutafsiri. Chagua ATmega328P (ikigoma, ile ya butiloda ya zamani), pakia, acha kompyuta ihakiki. 168 haiwezi kupita hapo. Wengine watakwambia usome saini ya chipu, yaani namba yake ya utambulisho: 1E 95 0F ni 328P, 1E 94 06 ni 168. Ni kweli, ila kupitia kebo ya USB anayejibu ni butiloda, na butiloda inajibu kile ilichoandikiwa. Saini isome kwa USBasp (kifaa kinachozungumza na chipu moja kwa moja bila butiloda), au tumia Arduino nyingine kama kipakizi kupitia zile pini sita. Na pima kila bodi. Mimi nilipima moja nikaziamini kumi.

Sasa sehemu iliyoniuma zaidi. Nilipomwambia, hakubisha hata kidogo. Akaniambia nimrudishie zote kwa basi, niongeze elfu 30 ya kubadilishiwa, na za 328 zitapanda gari la jioni. Nikampa kondakta bodi tisa, nikatuma na hela. Saa mbili usiku nikajikuta nimeblokiwa. Kwa hiyo kachukua pesa mara mbili, na ushahidi wangu kauchukua. Iliyobaki ni ile moja tu iliyokuwa kwenye mashine. Tafadhali, mtu asimrudishie bodi hizi. Kaeni nazo.

Duka alilosema lipo karibu na stendi ndogo nimelitafuta mwenyewe. Pale pana kijana anauza kava za simu, na akanambia mimi ni mtu wa nne kumuulizia. Mmoja wa hao nimempata, ni mwanafunzi wa Usa River. Kapigwa bodi tatu alizokuwa amenunua kwa ajili ya mradi wa mwisho wa mwaka.

Namba zake ninazozijua nimeshazituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Kama na wewe una ujumbe wa muamala, usiufute, piga picha ya skrini pamoja na mazungumzo yenu. Tume ya Ushindani nayo inashughulika na bidhaa bandia, na hapo bodi yenye chipu iliyokwanguliwa ndiyo itakayotusemea.

Jumatatu asubuhi mimi na yule mwanafunzi tunakwenda polisi Arusha kuandika maelezo. Aliyepigwa na picha ile ya kitambaa cha kijani anitafute kabla ya Jumapili, aje na bodi yake na muamala wake twende pamoja.