Prado ya dizeli 2.8 otomatiki: injini haina neno, tatizo ni AdBlue bandia

Toyota Land Cruiser Prado ya soko la Japani, yenye injini ya 1GD-FTV ya dizeli lita 2.8, ilitoka Juni 2015, na sasa inashuka Mombasa na Dar es Salaam ikiwa mtumba. Inakuja na gia 6 za otomatiki, nguvu farasi 177 na nguvu ya kusokota Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600 tu. Toleo la kuanzia Agosti 2020 lilipanda hadi farasi 204 na Nm 500.

Barabarani ni gari tulivu. Ukikanyaga ghafla kutoka kusimama, turbo huchelewa kidogo, kisha mzigo wote unaondoka bila kelele. Kwenye mteremko kama wa Kitonga, usiiache kwenye D huku ukishikilia breki. Vuta wenzo kwenye S, yaani hali ya kuchagua gia mwenyewe, shuka hadi gia ya 3 au ya 2, injini ifanye kazi ya kuzuia. Oili ya gia ni aina ya WS, na haina kijiti cha kupimia: kiwango hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo fundi anayeongeza kwa kukisia asiiguse.

Kinachowatisha wanunuzi ni AdBlue, na wengi wanaogopa kitu kisicho chenyewe. Ni kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli: yurea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyotolewa madini. Hunyunyizwa kwenye ekzosi yenye joto, inageuka amonia, na amonia hiyo ndani ya katalisti, kisafishaji kilicho kwenye ekzosi, hubadili gesi chafu za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke. Prado hutumia takriban lita 1 kwa kilomita 1,000, zaidi kidogo ikivuta mzigo au kupanda milima. Dashibodi huonya mapema. Ukipuuza mpaka tangi likauke, gari halizimiki njiani, lakini ukishalizima haliwaki tena mpaka uongeze.

Kuongeza ni rahisi. Tafuta kifuniko cha buluu chenye jina AdBlue, futa vumbi pembeni kabla ya kukifungua, tumia faneli ambayo haijawahi kuguswa na mafuta wala oili. Mimina angalau lita 5 kwa mkupuo, maana vikombe viwili vitatu mara nyingi havitambuliwi na sensa. Usijaze hadi mdomoni. Ikimwagika, suuza kwa maji papo hapo; ikikauka huacha chumvi nyeupe inayokula chuma.

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Kuna wanaochanganya mbolea ya yurea ya shambani na maji ya bomba. Mbolea ina uchafu usiotakiwa, maji ya bomba yana kalisiamu. Nozeli inaziba na katalisti inachakaa, na katalisti si kitu cha kununua mara mbili. Nunua dumu lililofungwa lenye alama ya ISO 22241, uangalie tarehe. Joto letu ni adui: likihifadhiwa kwenye nyuzi 25 hudumu miezi 18, kwenye nyuzi 35 miezi 6 tu. Dumu lililoanikwa juani mbele ya duka liache hapohapo.

Ukikosea ukamimina AdBlue kwenye tangi la dizeli, usigeuze hata ufunguo, kwani pampu ya mafuta huanza kusukuma. Vuta gari, tangi likamuliwe na kuoshwa. Dizeli ikiingia kwenye tangi la AdBlue, kidogo tu kinatosha kuharibu pampu na sili.

Unapokagua mtumba, tazama vumbi jeupe kuzunguka kifuniko na pale nozeli inapoingia kwenye ekzosi. Chomeka skana ya kusoma hitilafu: msimbo P20EE maana yake usafishaji wa gesi umeshuka, P20E8 ni presha ndogo ya AdBlue. Kabla ya kukubali ushauri wa kuufuta mfumo mzima wa AdBlue kwa programu, mwambie fundi aifungue nozeli na kuiloweka kwenye maji ya moto yasiyo na madini. Chumvi hiyo huyeyuka, na mara nyingi ugonjwa unaishia hapo au kwenye sensa ya NOx, inayopima zile gesi za naitrojeni.

DPF, chujio la masizi, ni shauri jingine. Gari la kwenda sokoni na kurudi litaliziba. Kila wiki lipe nusu saa ya barabara kuu bila kusimamasimama, masizi yaungue. Ukiwa kwenye S, gia ya 4, mizunguko ikae karibu na 2,000. Feni ikiendelea kulia baada ya kuzima, ulikatiza uchomaji wa masizi. Oili ya injini iwe DL-1 0W-30, takriban lita 7.5 pamoja na filta. Ile ya dizeli ya kawaida ina majivu mengi, na majivu, tofauti na masizi, hayaungui.