Riwaya: uandike ukiwa na ajira, au uache kazi uandike tu?

Nimeishi pande zote mbili. Nilipokuwa mwajiriwa niliamka saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, nikaandika ukurasa mmoja kwenye daftari huku chai ikipoa pembeni. Saa kumi na mbili niko kwenye daladala, nimening'inia, kichwani mhusika wangu bado anagombana na mkwewe. Jioni narudi hoi, kalamu siigusi. Lakini kodi ya nyumba imelipwa, na ule ukurasa mmoja niliuandika bila hofu.

Nilipoacha kazi nilipata kutwa nzima, na msongo ukabadilika sura tu. Umeme wa Luku ukikaribia kuisha naiona sentensi inaharakisha. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kutoka mauzo ya kitabu, huja kwa kuchelewa, tena kiduchu. Nyumbani nao wanakuona umekaa, basi wewe ndiye wa kutumwa sokoni.

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, alifundisha chuo kikuu. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu. Nawataja kwa sababu vijana wengi huniambia kazi ndiyo inayowazuia kuandika.

Kwa jambo moja muda mtupu hauna mpinzani: kusahihisha. Riwaya inataka isomwe yote kwa siku mbili tatu mfululizo, la sivyo husikii inapopwaya. Kwa hiyo mimi nimerudi kazini, na likizo yangu yote ya mwaka naitunzia mswada.