Boksi la askari wa "Tanga 1914": uzoefu wangu

Hii ni seti ya vijisanamu vya plastiki vya askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani lililopigana na Waingereza pale Tanga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, saizi ya milimita 28, pamoja na kijitabu cha kanuni za mchezo wa vita wa mezani. Kwa uchongaji sina neno. Kila askari ana sura yake, tarbushi ina kitambaa kinachoshuka hadi shingoni, na yule tai wa Kijerumani mbele ya kofia unamwona bila kumtafuta. Vioshe kwanza kwa maji ya sabuni, rangi itashika vizuri.

Kasoro ni bunduki. Wote wamepewa Mauser ya 1898, ilhali Novemba 1914 kampuni nyingi za Schutztruppe bado zilikuwa na ile ya 1871, ya kupakia risasi moja moja, yenye baruti ya moshi mzito. Sitafuti kasoro ndogondogo za kuhesabu vifungo vya sare hapa. Moshi ule ulimwonyesha adui ulipojificha, kwa hiyo mezani unaamua nani afyatue na nani angoje. Kijitabu hakiugusi kabisa. Tena kinawapanga KAR (King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa Waingereza) kuwa wapinzani, wakati jeshi lililotua Tanga lililetwa kutoka India. Nyuki waliowavamia wanajeshi katika pigano lile wamo, bila shaka, na dadu zao maalumu. Nyuki wa Tanga hawasahauliki.

Nikawaandikia wauzaji. Wakajibu kwamba huu ni mchezo tu, anayetaka historia akasome vitabu. Jibu hilo nimelisikia pia kwa wachezaji wenzangu, na huwa nacheka, maana haohao hukesha wakibishana rangi ya koti la askari wa Napoleon. Usahihi wanaupenda sana. Wasichotaka ni kuambiwa kitu walichokwisha kukilipia na kukipaka rangi kina kasoro.

Ila wakosoaji nao wana lao. Wanachambua kofia, bunduki, mikanda, halafu hakuna anayeuliza wapagazi wako wapi. Ndorobo waliwamaliza farasi na nyumbu, kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda vichwani mwa watu, na makumi ya maelfu ya wabebaji hao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Hata mnara wa Kenyatta Avenue, Nairobi, uliojengwa na Waingereza wenyewe, umemsimamisha mpagazi pamoja na askari. Kwenye boksi hili hayumo hata mmoja.

Wangu nimewatengeneza kwa vijisanamu vya raia, na mizigo ya udongo wa kufinyanga. Kanuni tuliyoongeza ni rahisi: kikosi kisicho na wapagazi karibu hakipati risasi za ziada, na kikishambuliwa kutoka nyuma, wapagazi ndio wa kwanza kutupiwa dadu. Sasa wachezaji wanalinda njia zao badala ya kukimbilia mbele tu.

Ninunue tena? Ndiyo, kwa ajili ya nyuso zile. Kijitabu kaeni nacho. Wakitoa seti ya wapagazi nitalipa siku hiyohiyo, hata kama mikanda yao itakuwa ya kubuni.