Blink-182 ya mwaka 2003: albamu bora ya bendi iliyokuwa ikivunjika

Albamu ya tano ya Blink-182, iliyotoka Novemba 2003 bila jina lingine zaidi ya lile la bendi yenyewe, ndiyo kazi yao ninayoithamini kuliko zote, na ninaamini kwamba ubora wake umetokana na umbali uleule uliowatenganisha walioitengeneza.

Bendi hiyo ilianzia Poway, karibu na San Diego katika jimbo la California, mwaka 1992. Mark Hoppus alipiga gitaa la besi, Tom DeLonge akapiga gitaa, na wote wawili wakaimba. Travis Barker alishika dramu mwaka 1998, na mwaka uliofuata albamu yao Enema of the State, chini ya mtayarishaji Jerry Finn, ikauza mamilioni ya nakala kwa nyimbo fupi, za kasi, zilizojaa utani wa vijana wasiotaka kukua. Mwaka 2001 albamu iliyofuata ilishika nafasi ya kwanza katika Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, mara tu ilipotoka. Ufa ulijitokeza mwaka 2002, DeLonge aliporekodi albamu ya pembeni kwa jina la Box Car Racer akiwa na Barker, huku Hoppus akiachwa nje.

Kwa hiyo watu watatu waliokodi nyumba San Diego ili kurekodi albamu hii hawakuwa tena wale wa awali. Katika wimbo wa kwanza, Feeling This, Hoppus na DeLonge waliandika mashairi kila mmoja katika chumba chake kisha wakayaunganisha. Beti moja ina pupa, kiitikio kina majonzi, na mwishoni sauti zao zinapishana bila mmoja kumsubiri mwenzake. Sijasikia dakika nzuri zaidi katika pop pank, yaani roki ya kasi yenye melodi za pop. I Miss You inakwenda kinyume kabisa cha kelele zao za zamani, kwa kuwa Barker anaipiga dramu kwa brashi, taratibu. Kabla ya Stockholm Syndrome kuanza, mwigizaji Joanne Whalley anasoma barua ambazo babu yake Hoppus alimwandikia mkewe wakati wa Vita Kuu ya Pili, nazo zinaupa wimbo huo wenye hasira uzito ambao bendi hii haikuwahi kuwa nao. Hata Robert Smith, mwimbaji wa bendi ya Uingereza The Cure, anayeimba katika All of This, anasikika kama mwenyeji.

Kasoro zipo. Nusu ya pili inalegea, hasa Here's Your Letter, ambao ungeweza kutoka katika albamu yoyote ya awali, na sauti ya DeLonge inabanwa puani kiasi cha kuchosha inapotakiwa kubeba huzuni peke yake.

Februari 2005 walitangaza kusimama kwa muda usiojulikana, baada ya mvutano juu ya ziara ambazo DeLonge alitaka zipunguzwe ili awe na familia yake. Yeye akaunda bendi ya Angels & Airwaves; Hoppus na Barker wakaunda bendi ya +44. Walirudiana mwaka 2009, lakini kwa msikilizaji anayetaka kuanza na albamu moja tu ya Blink-182, ningependekeza hii, isikilizwe kwa mpangilio wake hadi I'm Lost Without You, ambapo Barker anafunga kwa dramu mbili zilizorekodiwa moja juu ya nyingine.