Canon 600D ya mtumba, miezi kumi baadae: naipenda, ila fangasi wamenitoa jasho

Niseme mapema mi sio kamerameni wa siku nyingi. Ni mwalimu wa sekondari hapa Temeke, nilianza kwa kupiga picha za mahafali na simu, wazazi wakawa wananisumbua mwalimu nitumie, mwalimu nitumie, nikavimba kichwa nikasema sasa natafuta kamera kabisa. Bajeti laki saba, na ndani ya hiyo laki saba nilitaka kila kitu, kamera, lenzi, memori kadi na begi. Mpya kwa hela hiyo sahau, kwahiyo mtumba.

Kichwani nilikuwa na mbili, Nikon D3200 na Canon 600D. Nikon ina megapikseli (zile nukta zinazounda picha) 24, Canon 18, na mi kama mgeni yeyote nilikuwa naangalia hiyo namba tu, nikashaamua Nikon. Alienitoa huko ni bro mmoja anapiga harusi kule Mbagala. Akaniuliza hizo picha utaziweka wapi? Nikamwambia statasi, magrupu ya wazazi, na chache za kusafisha inchi 5 kwa 7. Akacheka mpaka nikaona aibu. Picha ya 5 kwa 7 inatoka safi kabisa hata kwa megapikseli tatu, sasa hizo 24 za nini. Afu akaniambia Nikon za daraja lile hazina mota ya fokasi, ya kuzungusha lenzi mpaka picha itulie, ndani ya bodi, yaani kamera bila lenzi, ukiokota lenzi ya zamani ya bei poa unaweza kujikuta unazungusha fokasi kwa mkono huku bibi harusi anakupita, wakati Canon lenzi yoyote ya EF, ile familia ya lenzi zao, toka zimeanza 1987 unachomeka na inafokasi yenyewe. Halafu yeye anatumia Canon, maana yake naweza kumuazima lenzi. Kwa kweli hiyo ya kuazima ndo ilioamua, mengine yalikuwa maneno.

Nikaenda Kariakoo Jumamosi, kosa la kwanza, maana Jumamosi pale hata kumsikia muuzaji ni kazi. Duka la kwanza jamaa akanitolea moja imeandikwa Kiss X5, anasema hii ya Japani boss, kali kuliko 600D, ongeza elfu themanini. Bahati nilishasoma. Ni kamera ile ile moja, ilitoka 2011, Japani wanaiita Kiss X5, Marekani Rebel T3i, huku kwetu 600D. Nikaaga kistaarabu kwamba narudi, si unajua narudi yetu.

Duka la nne nikaipata kwa laki tano na nusu, na lenzi ya 18-55 (zumu ya kawaida, milimita 18 mpaka 55) iliyokuja nayo, chaja, na betri mbili, moja orijino moja ya kuungaunga. Nikakagua kama nilivyofundishwa: skrini inafunguka na kuzunguka bila kulegea, flashi inaruka, vitufe vyote vinaitika. Idadi ya shata, yaani kamera imeshapiga picha ngapi, Canon hii haikuonyeshi ndani ya faili la picha kama Nikon, lazima uichomeke kwenye laptop yenye programu ya kusoma, mwenye duka akanuna kidogo ila akakubali, ikasoma elfu ishirini na tatu na ushee. Nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Kitu kimoja tu nilisahau na ntakifikia.

Kuhusu kamera yenyewe. Wiki mbili za kwanza picha zangu zilikuwa mbaya kuliko za simu, nisifiche. Simu inakufanyia mengi kimyakimya, kamera inakuachia ufanye mwenyewe. Ilionishinda zaidi ni nguo nyeupe. Niliitwa kupiga shughuli ya jirani, bibi harusi na shela jeupe, wapambe weupe, ukuta mweupe, picha zote nyuso zimekuwa giza na mi nalaumu kamera. Kumbe mita ya kamera inadhani kila kitu duniani ni kijivu cha kati, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na sisi wenye rangi zetu ndo tunaumia. Dawa yake ni kitufe kimoja pembeni ya skrini kimeandikwa Av na alama ya kujumlisha na kutoa, unakishikilia huku unazungusha gurudumu la juu mpaka kwenye +1. Basi! Sekunde mbili. Ningejua hicho kitufe kabla ya shughuli ile mama wa bibi harusi asingekuwa ananiangalia vile hadi leo.

Mwanga wa huku nao una mambo yake. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, mi siku hizi muda huo naweka kamera begini labda kuwe na kivuli cha mwembe. Jioni yetu ni fupi, jua la kupendeza linakaa kidogo halafu giza, kwahiyo usichelewe kupanga watu. Asubuhi ndo naipenda zaidi, nikiwahi pale Feri saa kumi na mbili na nusu wakati samaki wanapigwa mnada, mwanga unatoka baharini unawapiga wavuvi kwa pembeni, hata mtu asiejua kitu anatoka na picha. Uombe ruhusa lakini, wale jamaa hawapendi kupigwa kama mapambo, na ukiwa mitaa ile Ikulu haiko mbali, angalia lenzi yako inaelekea wapi.

Ubaya wake sasa. Gizani inachoka, ukipandisha ISO, ile ya kuongeza wepesi wa kamera kushika mwanga, kufika 3200 picha inakuwa na chenga kama tivii ya zamani, ukumbini nalazimika kuwasha flashi au kuazima fifti ya bro, ile lenzi ya 50mm ya f/1.8 yenye mdomo mpana wa kuingiza mwanga, ambayo kwenye kamera hii ni kali ajabu kwa sura za watu ila chumbani kwangu haifai, inavuta karibu mno, unarudi nyuma mpaka unagonga kabati. Fokasi ina pointi tisa tu za kulenga na ya katikati ndo ya kuaminika, nimezoea kufokasi kwa hiyo kisha nasogeza fremu. Video inakata yenyewe baada ya dakika kama 12 faili likifika GB 4, nilikuja kugundua katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, sitaki hata kukumbuka. Waifai haina. Na ile betri ya kuungaunga haionyeshi chaji imebaki kiasi gani, inazima tu kama umeme wa mtaani kwetu.

Sasa fangasi. Mwezi wa tatu nikaanza kuona picha zikipigwa kuelekea mwanga zinakuwa na ukungu mweupe, nikafuta lenzi kwa shati, nikafuta tena, wapi. Fundi akachukua tochi ya simu akaimulika lenzi kutokea nyuma akaniambia njoo uone. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ndani kabisa kati ya vioo. Hilo ndo nililosahau dukani, kuwasha tochi, kitu cha sekunde kumi. Kusafisha elfu hamsini, na alinionya kabisa fangasi wakishakula ile rangi ya kinga juu ya kioo hairudi, kweli alama ndogo imebaki.

Labda walikuja na lenzi, labda niliwafuga mwenyewe, maana kamera ilikuwa inalala ndani ya begi kabatini na unyevu wa Dar unaujua, hata mkanda wa ngozi unaota. Siku hizi inalala kwenye kontena la plastiki la kubana mfuniko, la kuwekea vyakula, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na nabadilisha kila baada ya muda maana vikishashiba unyevu havifanyi kazi. Wengine wanaweka mchele, mi siwezi, ule unga wake ukiingia kwenye lenzi ni kesi nyingine. Wanangu walishazoea, ukiuliza kontena la maandazi liko wapi jibu ni la baba lina kamera.

Kwa laki tano na nusu naipa nane juu ya kumi. Hela ya mahafali mawili ilirudisha zaidi ya nusu, na inayofuata inaenda kwenye fifti yangu mwenyewe maana bro ameanza kuchelewa kupokea simu. Kuna dogo wa form four ameniulizia kama nauza, bodi siuzi, ila ile 18-55 siku nikipata nyingine ntampa bei ya kishkaji, na tochi ntamshikia aangalie mwenyewe.